Wanalipa Ili Wavunje Vioo

Portland, Oregon

Shangazi, Mjomba, na ninyi nyote mliokaa hapo barazani mkisomewa barua hii: dhumuni lake ni kujibu swali ambalo Shangazi ameliuliza kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote, wakwe wakiwamo: "Hivi huyu kijana huko Marekani anafundisha nini hasa?"

Majibu mliyopeana nimeyasoma. Mmoja kasema nafundisha chuo kikuu. Mwingine kasema nafundisha Kiswahili. Binamu yangu, ambaye simtaji lakini anajijua na anadaiwa, kasema mimi ni fundi madirisha vilevile kama nilivyokuwa hapo Tanga, ila sasa nakata vioo kwa Kiingereza. Huyo ndiye aliyekaribia. Ukweli wenyewe ni kwamba nafundisha watu wazima, wengi wao wastaafu, kuvunja vioo vya rangi vipande vipande, kuvipanga juu ya kioo kingine, na kuvitia kwenye tanuri la umeme mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Na wananilipa. Naomba Shangazi apewe maji kabla hamjaendelea kumsomea.

Darasa liko nyumbani, kwenye gereji. Gereji ya huku ni chumba ubavuni mwa nyumba ambacho Mmarekani hukijenga ili gari lake lilale, kisha hukijaza maboksi mpaka gari likalala nje. Mimi nimetoa maboksi, nikaweka meza mbili, rafu za vioo, na tanuri. Msidhani ni tanuri la mkaa. Ni boksi la matofali mepesi lenye nyaya za umeme ndani ya mfuniko, na kompyuta ndogo ubavuni inayoamua joto lipande kwa kasi gani, likae wapi, lishuke lini. Nchi hii na ukubwa wake wote, soketi zake za kawaida zina volti 120, wakati hapo kwenu hata pasi ya Bibi inapata 230. Tanuri langu linataka 240, na soketi ya namna hiyo gerejini ilikuwa moja tu, ya mashine ya kukaushia nguo. Ikahamia kwa tanuri. Tangu hapo, siku za darasa nguo za nyumba hii hukauka kwa kudra za Mungu, na Portland ni mji wa mvua. Mama watoto ana maoni yake kuhusu jambo hilo, ila karatasi haitoshi.

Kuhusu umeme wenyewe, Mjomba, huku hakuna mita ya LUKU ya kulipia kabla. Ingekuwapo, uniti zingeisha saa sita za usiku kioo kikiwa kimeyeyuka nusu, nami ningekuwa barabarani natafuta pa kununua. Huku bili inakuja mwisho wa mwezi, wakati majuto hayasaidii tena.

Sasa pesa, maana najua mnasubiri. Kila mwanafunzi analipa dola 85 kwa kipindi cha saa tatu, na darasa moja lina watu sita. Nawaona mmeshika simu mnazidisha kwa shilingi. Subirini. Toeni bei ya kioo, toeni umeme, toeni kodi, toeni plasta za vidole, toeni bima, kwa sababu kukaribisha watu sita nyumbani kwako na kuwakabidhi vitu vyenye makali bila bima ni kujitafutia kesi. Toeni na unga wa mandazi. Kilichobaki ndicho mzidishe. Mkimaliza mtajua kwa nini mwezi uliopita nilituma nilichotuma.

Wanafunzi wangu ni wa kila namna. Yuko mhandisi mstaafu. Yuko mama mmoja ambaye kila anachotengeneza, iwe sahani au kibao cha ukutani, lazima kiwe na paka. Hapa nyumbani tunamwita Mama Paka, na ameshajua na amefurahi. Yuko nesi wa zamu za usiku, anayesema kazini kwake vitu vyote vinabebwa kwa uangalifu, basi anahitaji mahali pa kubamiza. Na mara kwa mara huja wachumba, maana vijana wa huku wanapotaka kuchunguzana tabia hawatumi mshenga, wanajiandikisha darasa.

Matatizo huanzia kizingitini. Nyumba hii ni ya watu wa Tanga, viatu vinavuliwa. Gereji ni chumba cha vioo, viatu vya kufunika vidole ni lazima. Choo kiko ndani ya nyumba, chai na mandazi viko jikoni, kwa sababu kwenye chumba chenye unga wa kioo hapaliwi kitu. Kwa hiyo anayetoka gerejini anavua, anayerudi anavaa. Wakati wa mapumziko Wamarekani sita hurundikana hapo mlangoni: mmoja anafungua kamba, mwingine anafunga, Mhandisi ameegemea ukuta mguu mmoja juu, na mwanangu wa mwisho amesimama katikati akiamuru nani apite. Nikanunua kandambili za kila saizi nikazipanga ndani ya mlango. Mama Paka alizipenda mno, akaondoka nazo.

Somo la kwanza ni kukata. Mnaojua kazi yangu ya zamani mnajua kwamba kioo hakikatwi, kinachanjwa. Unashika kifaa chenye kigurudumu kidogo cha chuma kigumu, unakivuta mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mkono usiokandamiza. Ukisikia mchakaricho mwembamba usiokatika, umepata. Ukiona unga mweupe juu ya mstari, umekandamiza mno. Kisha unashika huku na huku ya mstari, madole gumba juu, ngumi chini, unakunja kwa nje. Tak! Kimeachana.

Mhandisi amejenga madaraja maisha yake yote, na mji huu uliokatwa na Mto Willamette hauna uhaba wa madaraja. Lakini siku ya kwanza alipoambiwa avunje kioo kwa mikono yake mwenyewe, alifumba macho, akageuza uso, akabana pumzi. Tak. Vipande viwili, vimenyooka. Akafungua jicho moja, akaangalia mkono wa kushoto, akaangalia wa kulia, akasema anataka kingine. Alimaliza karatasi nzima ya kioo cha bluu kabla sijamkumbusha kwamba tulikusudia kutengeneza sahani. Shangazi, mtu aliyeambiwa "angalia usivunje" tangu alipoanza kutembea mpaka akafikia pensheni, ukimpa ruhusa ya kuvunja hakuulizi bei.

Karibu kila darasa wananiuliza bomba la kupulizia kioo liko wapi. Chanzo ni Dale Chihuly, mwenyeji wa Tacoma kwenye jimbo jirani la Washington, mmoja wa walioanzisha shule ya kioo ya Pilchuck mwaka 1971. Kazi zake kubwa za kioo kilichopulizwa zinaning'inia kwenye majumba ya makumbusho, na kila mtu wa pande hizi ameshapiga picha chini yake. Basi wanakuja wakiwa tayari kupuliza. Nawaambia hapa hatupulizi, na wasione tumepungukiwa, kwa kuwa kazi ya tanuri ni kongwe kuliko ya bomba. Kupuliza kioo kulianza pande za Shamu yapata karne ya 1 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo mabakuli ya kioo yalikuwa yakitengenezwa kwa tanuri na kalibu. Bomba lilipokuja na haraka zake, kazi ya tanuri ikalala. Hapa Marekani mume na mke, Michael na Frances Higgins, waliiamsha kuanzia mwaka 1948 huko Chicago, wakawauzia watu sahani na vibakuli vya majivu ya sigara. Mhandisi huisikiliza historia hii kwa heshima zote, kisha huuliza tena kama kweli hakuna bomba.

Baada ya kukata ni kupanga, na hapa ndipo kioo kinapoonyesha kichwa chake kigumu. Kioo cha kazi hii kina unene wa milimita 3, na sheria ni tabaka mbili, jumla 6. Sheria hiyo si yangu. Kioo kilichoyeyuka sawasawa hupenda kutulia kwenye unene wa milimita 6 hivi. Ukikipa tabaka moja tu, kinajivuta ndani na kingo zinaota meno. Ukikipa tatu, kinatambaa nje mpaka kifike kimo chake. Mama Paka hakuamini. Paka wake alitaka awe na tumbo, akamjengea tabaka nne. Asubuhi tulimkuta paka amelala chali, tumbo limesafiri hadi kwenye sahani ya nesi, na kazi hizo mbili zimekuwa kipande kimoja ambacho hakuna msumeno wa kukitenganisha bila ugomvi. Sasa wanapokezana: wiki hii yuko kwa huyu, wiki ijayo yuko kwa yule, na nasikia ana ratiba yake ya sikukuu.

Rangi nazo zina siri zao. Kuna kioo kinachouzwa kikiwa hakina rangi kabisa, unaona mpaka upande wa pili, lakini ndani yake mna dhahabu kidogo. Kikipita kwenye joto kinageuka waridi. Muuzaji hasahau kuwa mna dhahabu, ukitazama bei. Nimekibandika lebo kubwa. Mhandisi akaibandua, ati gundi inaacha alama, akakitumia kwa anga la Mlima Hood. Sasa sebuleni kwake kuna mlima wa theluji chini ya anga la waridi, na wageni wakiuliza anasema ni machweo.

Kuna wachumba walikuja, kijana alichagua feruzi, rangi ambayo hapa inatokana na shaba. Binti akachagua krimu, na hiyo krimu ina salfa. Shaba na salfa zikigusana ndani ya tanuri, huzaa mstari wa kahawia kama wino pale zilipokutana. Niliwaeleza mapema, wakasema wameelewa, mikono wameshikana. Walipokuja kuchukua sahani yao wakautazama ule mstari kwa muda. Mwishowe binti akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwetu Afrika mstari huo una maana gani. Nikamwambia kwetu una maana ya shaba na salfa.

Lakini sheria kuu ni kwamba vioo visivyo vya ukoo mmoja havichanganywi. Kila kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, na viwanda havilingani vipimo. Hapa Portland kuna kiwanda cha Bullseye, kilichoanzishwa mwaka 1974, na kioo chake mafundi wanakiita "tisini" kwa kipimo cha kutanuka kwake. Kuna kingine kinaitwa "tisini na sita". Ukiviyeyusha pamoja vinashikana vizuri, unatabasamu, unapiga picha, unaituma kwa ndugu. Ila kimoja kimesinyaa kuliko mwenzake, na mvutano umebaki ndani. Huenda vikapasuka asubuhi ileile. Huenda vikakaa kabatini wiki kadhaa, kisha saa nane za usiku, hakuna aliyevigusa, pa! Mhandisi akanyoosha mkono kusema kwamba namba peke yake haitoshi, lazima pia vioo vilainike na kuganda kwa mwendo mmoja, na safari hiyo alikuwa sahihi. Nesi yeye alisema hahitaji maelezo zaidi, aliwahi kuolewa hivyo.

Sasa nifike kwenye kazi yangu hasa. Wakishamaliza, nazipanga kazi zao kwenye kibao kilichopakwa dongo jeupe ili kioo kisinase, nafunga mfuniko, nabonyeza kitufe. Hapo darasa zima husogea karibu kuona moto. Hakuna moto. Kuna swichi inayolia tik, tik, na namba zinazopanda. Joto linasimama kidogo kwenye nyuzi 670 hivi, hewa iliyobanwa baina ya tabaka ipate kutoka, kisha linapanda hadi 810 na kukaa hapo dakika kumi. (Kompyuta yenyewe inaandika 1490, ni Farenhaiti hiyo, Mjomba asishtuke.) Dakika kumi! Kuyeyuka kote walikolipia ndiko huko. Usiku wote unaobaki ni wa kupoa. Joto linashushwa hadi 482 na kushikiliwa, mpaka juu, chini na katikati ya kioo kuwe na joto moja na mvutano uishe. Kisha linateremka taratibu mpaka kunakucha. Ukifungua mfuniko kabla ya wakati, ubaridi unaupiga uso wa kioo tumbo likiwa bado la moto, na kazi ya watu sita inageuka kokoto.

Kwa hiyo wakwe wakiuliza tena, Shangazi, waambie mimi ni mlinzi. Nalinda mfuniko usifunguliwe.

Na ulinzi huo una kazi. Watu hawa wanaagiza mzigo asubuhi wakiukuta mlangoni jioni, na wasipoupenda wanarudishiwa pesa. Kwangu wanakutana na boksi lisilo na huduma kwa wateja. Saa tano za usiku simu inaita ting: "Wangu anaendeleaje?" Ni Mama Paka. Namjibu joto liko nyuzi mia saba. "Hiyo ni nzuri?" Ni nzuri. "Naweza kupata picha?" Picha ya nini, mama wee, boksi limefungwa. Namtumia picha ya boksi lililofungwa. Ananirudishia vimoyo vitatu vyekundu.

Mhandisi yeye hakuandika. Saa kumi na mbili alfajiri alikuwa ameshaegesha gari mbele ya nyumba, amekaa ndani, taa zimezimwa, mpaka jirani akanipigia kuniuliza kama kuna mtu ananidai. Nikamwingiza, akavua viatu, akanywa chai, akavaa viatu, tukakaa mbele ya tanuri. Bado lilikuwa na joto la kuchemshia uji. Akaitazama namba ikishuka moja. Ikashuka nyingine. Baada ya muda akasema kwamba tangu astaafu hajawahi kukaa mahali muda mrefu hivi bila kufanya lolote, na kwamba hakujua kama inawezekana. Nikamwambia kwetu wapo waliobobea, nikamweleza habari za baraza lenu.

Na mfuniko ukifunguliwa si kwamba tumemaliza. Kilichomo ni bapa. Ili kiwe sahani yenye kina lazima kirudi tanurini juu ya kalibu ya udongo, nyuzi 660 hivi, kilegee na kuzama, kisha kipoe tena usiku mwingine mzima. Nikilisema hilo huwa kuna mtu anatafuta kiti.

Mjomba, wazo lako la kukusanya chupa za soda hapo Tanga unitumie kwa meli nimelipokea, na jibu ni hapana kwa heshima. Huku chupa zina wenyewe. Oregon ndilo jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya amana ya chupa, mwaka 1971, na tangu 2017 ukirudisha chupa au kopo unapewa senti 10. Nilipoijua sheria hii nilijiona niko nyumbani, maana nani kati yetu hakutumwa dukani na chupa tupu mkononi, na bila hiyo chupa soda haitoki? Halafu chupa za viwanda mbalimbali zina ugomvi uleule wa ukoo. Chupa moja peke yake haina shida: ioshe, ing'oe lebo, ilaze tanurini, itakuwa bapa na utawekea kachumbari. Ukitaka kuona waliofika mbali na kioo kilichokwisha tumika, panda basi uende Arusha ukaulize Shanga, karakana ya mafundi wenye ulemavu wanaotengeneza vyombo na mapambo. Ukiwa na pasipoti vuka hadi Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, kwa mafundi wa karakana iliyoanzishwa na Nani Croze. Nauli ya huko ni nafuu kuliko ushauri wangu.

La mwisho ni harusi ya mdogo wangu. Nimepata taarifa kwamba kamati imekaa, mimi sikuwapo, ikapitisha kwa kauli moja kuwa mchango wangu utakuwa sahani za kioo kwa meza kuu na kwa wazee, idadi 60, na zifike kabla ya Ramadhani. Nashukuru kwa kunithamini. Tanuri langu linaingia sahani nne tu za ukubwa wa mezani, ingawa kazi ndogo za darasa huingia zote sita. Kila sahani inalala humo usiku wa kwanza kuyeyuka na usiku wa pili kupata kina. Sahani 60 ni mikupuo 15, mara mbili, jumla usiku 30, na hapo sijafundisha darasa hata moja, wala nguo za nyumba hii hazijakauka hata siku moja. Kuna anayeandika kwenye kundi "si uongeze moto tu kaka". Huyo arudi aisome barua hii tangu mwanzo.

Na rangi za sare mlizochagua, nimeona, ni feruzi na krimu.

Kwa hiyo naiomba kamati ikae tena. Ichague rangi nyingine au tarehe nyingine, na kwa maoni yangu ibadilishe vyote viwili. Ikishindikana, sokoni Ngamiani sahani za plastiki zipo tele, za kila rangi, na mnaweza kuzinunua asubuhi ya harusi yenyewe.

Wasalaam,
Mwanenu, mlinzi wa mfuniko